Karatasi ya trafiki Mombasa: tathmini ya huduma, kutoka kando ya lami hadi risiti

Huduma hii, ya kuandikiwa kosa la trafiki barabarani, hakuna anayeiomba. Hukuchagua siku, hukuchagua duka, na anayekuhudumia amesimama kando ya lami na sare yake, mkono juu. Hata hivyo ni huduma kamili: ina orodha ya bei iliyochapishwa na serikali, ina fomu, ina kaunta, ina foleni, ina mahali pa kulipia na ina risiti. Dereva wa matatu ya Mtwapa, wa tuktuk ya Likoni, wa lori la kontena litokalo Kilindini na mama anayepeleka watoto shule Nyali, wote ni wateja wake. Basi tuipime kama inavyopimwa huduma nyingine yoyote.

Tuseme mapema tunavyoiona. Bei zake ni nafuu kuliko sifa zake. Malipo, tangu yaingie kwenye simu, ni mepesi. Kinachoumiza ni katikati, pale kitendo cha dereva kinapopewa jina. Kitendo kilekile kikiandikwa kwa jina moja ni shilingi 1,000, kikiandikwa kwa jingine ni 10,000. Kikipata jina la tatu, mazungumzo si ya pesa tena bali ya leseni. Na jina hilo huandikwa kwa Kiingereza, mbio mbio, juu ya boneti, na wateja wengi hutia sahihi kabla ya kulisoma.

Orodha ya bei

Bei zinatoka kwenye Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, Tangazo la Kisheria nambari 161, chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Zipo wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, na kuzipakua kwenye simu hakugharimu ila bando. Kwa uwazi wa bei, huduma hii inawashinda mafundi wengi wa magari hapa mjini.

Ngazi ya chini kabisa ni mkanda: kutofunga gari likiwa mwendoni ni 500. Ngazi ya 1,000 ndiyo yenye wateja wengi. Humo mna kutokuwa na leseni mkononi unapoulizwa, leseni iliyokwisha muda bila kufanywa upya, mwanagenzi asiyebandika alama yake, abiria anayetoa kiungo nje ya gari linalokwenda, na kupakia au kushusha pasipo stejini. Boda nazo zimo: kubeba abiria zaidi ya mmoja ni 1,000, mwendeshaji bila kofia na koti la kuakisi mwanga ni 1,000, na abiria wake bila vifaa hivyo ni 1,000 nyingine, ya kwake mwenyewe. Abiria wengi wa boda hawajui kwamba kofia inayoning'inia kwenye usukani ina bei yao pia.

Simu sikioni ukiendesha ni 2,000. Makanga au dereva wa gari la abiria bila beji na sare, 2,000. Kutotii alama ya barabarani ni 3,000, kupuuza maelekezo ya afisa mwenye sare ni 3,000, kupiga debe ni 3,000, kuendesha aina ya gari ambayo leseni yako haijaidhinishiwa ni 3,000, na kukosa vibao vya pembe tatu ni 3,000. Kupanda na gari kwenye njia ya waendao kwa miguu ni 5,000. Walio na haraka jioni foleni ya Daraja la Nyali ikishika hadi Buxton waiweke akilini. Kukataa kusimama unapoamriwa na afisa mwenye sare ni 5,000. Juu kabisa, kwenye 10,000, wamo wanne wa kuogopwa: namba pleti zisizofungwa inavyotakiwa, gari lisilo na cheti halali cha ukaguzi, gari la abiria au la biashara lisilo na spidi gavana (kidhibiti mwendo), na kuziba njia.

Spidi ina ngazi yake yenyewe, na hapa hesabu ni kali. Ukipita kiwango kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa, ni onyo. Ukipita kwa 6 hadi 10 ni 500. Kwa 11 hadi 15 ni 3,000. Kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo hakuna bei ya papo hapo, ni mahakamani. Ichukue barabara ya mjini yenye kiwango cha 50: kwenye 60 unadaiwa 500, kwenye 65 unadaiwa 3,000, kwenye 66 unadaiwa 10,000. Kilomita moja, shilingi elfu saba. Ndiyo maana nambari iliyoandikwa kwenye karatasi isomwe tarakimu kwa tarakimu, na ilinganishwe na ile iliyo kwenye kioo cha kamera. Omba kuonyeshwa kioo. Anayeomba kwa adabu huonyeshwa mara nyingi kuliko anayefoka.

Jambo moja zaidi kuhusu spidi. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinakataza mtu kutiwa hatiani kwa sababu tu shahidi mmoja ameona, kwa maoni yake, kwamba gari lilikuwa mbio. Pasipo kipimo, pasipo shahidi wa pili, "ulikuwa unaruka" ni maoni. Barabara ya Dongo Kundu imenyooka na iko wazi, na mguu huzama wenyewe. Lakini hata huko, kesi inataka kipimo.

Kusimamishwa

Washa taa ya kushoto, ondoka kwenye mkondo wa magari, simama, washa taa za dharura, teremsha kioo. Usisimame katikati ya njia ukidhani unatii haraka, maana ukisimama vibaya Changamwe au Kibarani saa ya malori utakuwa umejitengenezea kosa la pili, tena la 10,000. Salamu kwanza: "Habari ya kazi, afande." Halafu leseni. Halafu uliza swali moja tu, "Kosa ni gani, afande, na kifungu gani?" Swali la kifungu si ujuaji. Ndilo linaloamua bei.

Vitu vinavyotazamwa havibadiliki: leseni, stika ya bima kwenye kioo cha mbele, hali ya matairi na taa, mikanda, vibao vya pembe tatu. Gari la abiria huongezewa leseni ya barabara kutoka NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), beji za dereva na makanga, cheti cha ukaguzi, spidi gavana na kizima moto. Upungufu mkubwa kwa madereva wa Mombasa ni leseni iliyokufa bila mwenyewe kujua. Kuifufua ni kazi ya dakika chache kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini ukiifufua ukiwa umeshasimamishwa haifuti kosa. Inasaidia tu baadaye, ukiomba kupunguziwa.

Mwenye gari na dereva wana mgongano wa zamani hapa. Spidi gavana na cheti cha ukaguzi ni mambo ya mwenye gari, lakini anayeshikwa barabarani ni aliye usukanini. Dereva wa kuajiriwa aangalie tarehe ya cheti kabla ya kuondoka stejini asubuhi, na ikiwa imepita amtumie mwenye gari ujumbe wa maandishi. Simu ya mdomo haiachi alama.

Karatasi yenyewe

Hapa ndipo nyota zinapoanza kupungua. Notisi ya kosa ni karatasi nzuri kwa muundo: jina lako, nambari ya gari, mahali, tarehe na saa, kosa na kifungu chake, mahakama na siku ya kufika, pamoja na afisa aliyeitoa. Mteja asiyebisha kosa analipa faini iliyopangwa. Anayebisha anafika mbele ya hakimu. Wazo ni safi.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea mkono wa anayeijaza, na lugha yake si ya wateja wake. Hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza. Dereva anayezungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku anakabidhiwa mstari mmoja wa kisheria atie sahihi. Kwa hiyo dawa ya haraka ni kuacha maneno na kushika nambari. Nambari tatu zinatosha kwa mwanzo: 53, 49 na 47.

Kifungu cha 53 ni kuziba njia, yaani kuliacha gari mahali linapozuia wengine. Matatu iliyosimama sekunde ishirini Bombolulu ikashusha mama na kikapu chake imefanya nini? Ikiwa imeshusha pasipo stejini, ni 1,000. Ikiwa imeandikwa kuziba njia, ni 10,000. Ukweli huenda ukawa vyote viwili, ndiyo maana afisa ana nafasi ya kuchagua. Anachopaswa kusema dereva, pale pale na kwa sauti ya kawaida, ni ukweli unaotenganisha makosa hayo: injini ilikuwa inawaka, dereva alikuwa kwenye kiti, gari halikuachwa, magari mengine yalipita. Kama hayakupita, basi hakuna la kujitetea hapo na 10,000 ni halali. Picha moja ya mahali gari liliposimama, inayoonyesha upana wa njia iliyobaki, ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Kabla ya sahihi, soma vitu vitano kwa mpangilio huu: kifungu, nambari ya gari, mahali, saa, na mahakama. Nambari ya gari ikikosewa herufi moja, malipo yako yanaweza kuelea bila kujua yanalipia kesi ipi. Mahakama ikikosewa, utakwenda ya kisiwani siku ambayo jina lako linaitwa Shanzu. Sahihi yako inathibitisha umeipokea. Hakikisha hutii sahihi sehemu ya kukiri kosa ikiwa unakusudia kubisha. Kisha piga picha karatasi yote, mbele na nyuma. Wino wa nakala hufifia, hasa ikikaa kwenye dashibodi kwa jua letu.

(Faini ya maegesho ya kaunti na mnyororo wa gurudumu ni duka jingine kabisa. Karatasi yake haiingii kwenye foleni hii, na askari wa kaunti si trafiki.)

Kituoni na dhamana

Badala ya notisi na kwenda zako, wateja wengi hupelekwa kituoni na kuombwa dhamana ya pesa ndipo waende mahakamani siku nyingine. Hiki ndicho kipande kinachochanganya watu zaidi, kwa sababu pesa zinatoka mfukoni na mtu anadhani amemaliza. Dhamana si faini. Ni amana ya kuhakikisha utafika. Usipofika, mahakama inaweza kuitwaa na bado ikatoa waranti ya kukukamata, na kesi ikabaki hai. Dereva anayesema "nilishalipa kule kituoni" ilhali hakwenda mahakamani amelipa na bado anadaiwa.

Risiti ya dhamana ni risiti rasmi ya serikali yenye nambari. Kipande cha karatasi chenye muhuri pekee si risiti. Ahadi ya "utaipata kesho" pia si risiti. Hakuna risiti, hakuna dhamana, hapa usilegeze.

Katiba, kifungu cha 49, imekaa upande wa mteja kuliko anavyodhani. Aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hatakiwi kuwekwa rumande. Lakini kuna mtego wa siku: saa 24 zikiishia nje ya saa za mahakama, ni siku ya mahakama inayofuata. Aliyeshikwa Ijumaa jioni akikosa dhamana ya polisi anaweza kuiona Jumatatu kutokea ndani. Kwa hiyo Ijumaa baada ya alasiri si wakati wa kugombea maneno kaunta. Omba dhamana, lipa, chukua risiti, gombana Jumatatu ukiwa umeoga.

Mahakamani

Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Orodha ya kesi hubandikwa au huulizwa kwenye dawati la huduma kwa wateja. Tafuta jina lako na chumba. Ukikosa jina usirudi nyumbani ukishukuru Mungu. Mwone karani wa trafiki ukiwa na notisi au risiti ya dhamana, maana faili huenda limechelewa kutoka kituoni, na jina lako linaweza kuitwa saa tano ukiwa umeshafika kivukoni unasubiri feri ya Likoni.

Lugha za mahakama za chini ni Kiingereza na Kiswahili. Shtaka lisomwe kwa lugha unayoielewa. Ukisomewa kwa Kiingereza na hujakielewa, sema "naomba Kiswahili" kabla ya kujibu chochote. Jibu la "ni kweli" lililotoka kwa kichwa kilichotikiswa tu ni gharama kubwa.

Ukisema "ni kweli" kazi haijaisha. Kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya kesi, na hapo unaulizwa tena kama maelezo hayo ni ya kweli. Utaratibu huu uliwekwa wazi katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, na mahakimu wanaufuata hadi leo. Mteja mjuzi husikiliza kipande hiki kwa makini kuliko shtaka lenyewe. Ulikiri kuziba njia, kumbe maelezo yanasema uliliacha gari na kwenda dukani? Sema kipande hicho si kweli. Hakimu akiona unapinga maelezo yanayogusa kosa, anapaswa kuandika kwamba umekana, na kesi iende kusikilizwa.

Baada ya hapo unapewa nafasi ya kuomba upunguziwe. Fupi na yenye vitu: kosa la kwanza, leseni imeshafanywa upya na hii hapa, taa imeshatengenezwa na risiti ya fundi hii hapa. Kusema "nina watoto" peke yake hakimu ameshalisikia neno hilo mara arobaini tangu asubuhi.

Ukikana, jiandae kurudi zaidi ya mara moja. Piga hesabu kwa haki: dereva wa tuktuk anayebishia kosa la 1,000 atapoteza siku za kazi zinazozidi faini hiyo. Kwa 10,000, ikiwa una picha na shahidi, kubishana kuna maana. Kwa shtaka la uendeshaji wa hatari, kukiri bila wakili ni kosa la pili.

Kutiwa hatiani si mwisho. Rufaa Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 14. Ila aliyekiri mwenyewe anaweza kulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu, si hatia. Ni sababu nyingine ya kutokimbilia "ni kweli" ili uwahi feri.

Arobaini na saba, arobaini na tisa, arobaini na sita

Hii ndiyo rafu ya juu ya duka, isiyo na bei ya papo hapo. Kifungu cha 49 ni kuendesha bila uangalifu. Kifungu cha 47 ni kuendesha kiholela, au kwa mwendo na namna ya hatari kwa umma. Kifungu cha 46 ni kusababisha kifo kwa uendeshaji huo, na kifungo chake kinafika miaka 10.

Kosa la kwanza chini ya 47 lina faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 2, na sheria inaitaka mahakama iiguse leseni pia. Kwa dereva wa lori au matatu, leseni ndiyo adhabu yenyewe. Faini ni nauli ya kufikia hapo. Chini ya 49, nafasi ya kubaki na kazi yako ni pana zaidi. Kwa hiyo ajali ile ile ya Makupa, ya kugonga nyuma ya gari lililofunga breki ghafla, ikiandikwa 49 ni kupepesa macho. Ikiandikwa 47 ni kuhatarisha umma.

Nini hugeuza 49 kuwa 47? Mambo yanayoonyesha kwamba dereva alijua na akaendelea: kupita gari jingine kwenye kona au kilimani, kwenda kinyume cha njia, kuvuka taa nyekundu kwa kasi, kufukuzana na gari jingine kugombea abiria. Hili la mwisho ni ugonjwa wa magari ya abiria ya njia ya Malindi, na halina utetezi wa maana, kwa sababu mashahidi ni abiria kumi na wanne waliokuwa wakipiga kelele ndani.

Ushahidi wa kesi hizi hujengwa saa ya kwanza. Afisa huchora ramani ya mahali, gari hupelekwa kukaguliwa, na mashahidi huandika maelezo. Dereva afanye yake sambamba. Sheria inataka asimame, atoe jina na namba ya gari, na ajali iripotiwe polisi haraka iwezekanavyo, isipite saa 24. Apige picha za alama za matairi kabla mvua au malori mengine hayajazifuta, sehemu gari liliposimama, vipande vya kioo (hivyo huonyesha mahali pa mgongano kuliko magari yenyewe, ambayo mara nyingi yameshasogezwa), na alama za barabara zilizofichwa na miti au mabango. Ramani ya afisa ikionyesha mgongano upande wako wa njia na vioo viko upande wa pili, hapo una kesi.

Kamera ya dashibodi ni msaada mkubwa, na ni msaliti mkubwa vilevile. Inarekodi spidi yako pia. Tarehe na saa zake ziwekwe sawa, na kadi itolewe siku hiyo hiyo, kwa kuwa nyingi hujiandika juu ya video ya zamani. Nakili faili zima. Kipande cha sekunde kumi kilichotumwa kwa WhatsApp kimeshapunguzwa ubora na kimepoteza taarifa zake.

Kuna mlango ambao wateja wengi hawaujui: makubaliano ya kukiri kosa, yaliyomo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Upande wa mashtaka na wa mshtakiwa wanaweza kukubaliana shtaka lishuke, kwa mfano kutoka 47 hadi 49, kwa maandishi na mbele ya hakimu. Hufanyika kwa kuomba, na mwenye kujua kuomba ni wakili. Pesa ya wakili kwenye shtaka la 1,000 ni kichekesho. Kwenye 47 ni bei nafuu kuliko vitu vyote vilivyotajwa humu.

Kulipa

Hapa sifa zinastahili. Malipo ya serikali yamekusanywa kwenye eCitizen na namba ya paybill 222222, na faini ya mahakama hulipwa kwa M-Pesa ukiwa umesimama pale pale koridoni. Karani hukupa namba ya malipo ya kesi yako. Ndiyo inayoingia sehemu ya akaunti. Ukiingiza namba ya gari au jina lako pesa zitakwenda, lakini kesi yako haitazijua.

Matatizo ni ya kawaida na yanaepukika. Simu imezima chaji. M-Pesa ina salio la nauli tu. Mtandao umelala na risiti inachelewa, nawe hutoki mpaka ionekane, kwa maana aliyetozwa faini hukaa seli ya mahakama hadi alipe. Nenda na simu iliyojaa, salio la faini na ziada, na ndugu mmoja nje mwenye simu yake. Akipokea ujumbe wa M-Pesa asiufute, ila akumbuke kwamba ujumbe huo si risiti ya mahakama. Subiri ile ya mfumo.

Chai

Lazima itajwe, kwa kuwa ndiyo mshindani mkuu wa huduma hii. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji sawasawa: hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Anayetoa 500 kukwepa 1,000 amenunua hatari ya milioni tano kwa kuokoa mia tano, na kesho afisa mwingine hatajua kwamba jana ulilipa. Ukiombwa, hitaji karatasi: "Afande, niandikie tu." Maneno hayo matatu humaliza mazungumzo mengi. Malalamiko ya hongo hupokelewa na EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) kwa simu ya bure 1551, na ya mwenendo wa polisi na IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi) kwa 1559. Peleka saa, mahali, namba ya gari la polisi au jina lililo kifuani mwa sare. Lalamiko lisilo na hivyo ni umbea.

Kurudishiwa dhamana

Kipande cha polepole kuliko vyote. Kesi ikiisha na ukawa umelipa faini kando, au ukaachiliwa, dhamana inarudi kwako: unaomba mahakamani na risiti ya asili, kitambulisho na maelezo ya akaunti, kisha unasubiri. Ukiwa na picha tu ya risiti, safari itakuwa ndefu. Na pesa hurudishwa kwa aliyeandikwa kwenye risiti. Mjomba akikutolea dhamana na jina likaandikwa lake, ni yeye atakayefuata foleni hiyo. Ikiwa yuko Dubai, mwambieni afisa wa kaunta aandike jina la aliye karibu kabla hajaichana risiti kutoka kwenye kitabu.